Mang Alibonyeza "Ndiyo", Lawama Nikabeba Mimi

Mshauri mpendwa Ceu Nining,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina miaka kumi na sita na hasira niliyonayo ni ya mtu wa sitini.

Mama ana karakana ya kudarizi hapa Kawalu, ina mashine moja kubwa ya zamani, na nakshi zake zote alizichora marehemu Apa, baba yangu, waridi kwa waridi, jani kwa jani, akazihifadhi kwenye flopi, zile diski za zamani. Mwaka huu kile kidude cha kusoma flopi kikafa, vipuri havipatikani tena, fundi wa mjini akasema mashine tuiuze chuma chakavu, basi mimi ninayesomea elektroniki nikaagiza kisanduku kidogo kinachokaa palepale pa kile cha zamani, unachomeka flashi, na ndani ya flashi hiyo mnakuwa na flopi nyingi za kujifanya, kila moja na namba yake, unachagua namba na mashine inaamini imelishwa flopi kama zamani. Nikanakili nakshi zote kwa kisoma flopi cha shuleni. Mashine ikaimba, Mama akalia, Teh Yoyoh anayeiendesha akaninunulia bakuli la seblak ya pilipili mpaka nikatokwa kamasi.

Kisha akaja Mang Odang, mjomba wangu, mdogo wake Mama, ambaye tangu Apa afariki amejifanya bosi wetu. Akaichomoa ile flashi apate pa kuweka video ya tohara ya mwanawe. Laptopu haizielewi flashi za namna hii, ikamwuliza: haisomeki, niifomati? Akabonyeza Ndiyo, wala hakusoma. Nilikuwa mlangoni na chai yake mkononi, nilimwona kwa macho yangu.

Flashi iliporudishwa na mashine kuwashwa, haikuwa na hata jani moja.

"Si mlinisifia hiki kidude?" Mang akafoka mbele ya wadarizi wote. "Flopi zimefanya kazi tangu kabla huyu hajazaliwa! Na wewe Neng, umemzika baba yako mara ya pili."

Teh Yoyoh akasema, "Mang, labda flashi imeguswa."

"Imeguswa na nani? Na jini?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka, lakini hakunitetea pia.

Utauliza kwa nini sikusema. Ceu, nyumbani tunazungumza Kisunda, lugha ya kwetu, na shuleni Kiindonesia, na hasira yangu huja kwa Kiindonesia, wakati mkubwa lazima aambiwe kwa Kisunda cha heshima, na mpaka nimalize kutafuta neno la heshima la "mwongo" yeye ameshakunywa chai na kuondoka.

Sasa siri yangu. Mang aliniamuru zile flopi nizichome na takataka, sikuzichoma, ziko chini ya kitanda changu kwenye bati la biskuti. Naweza kurudisha kazi yote ya Apa leo hii. Lakini kwa nini nirudishe? Aombe radhi kwanza! Wadarizi wanashinda wakichambua nyuzi, oda ya mukena, mavazi ya wanawake ya kuswalia Ramadhani, imekwama, na mimi nimenuna tu. Je, nina kosa?

Aliyefungwa Mdomo, Kawalu

Neng, binti yangu,

Hasira yako ni halali, nami nimekasirika pamoja nawe. Mwanamume mzima anabonyeza bila kusoma, kisha anamtwika binti maiti aliyoiua mwenyewe! Na huyo mama yako naye, nikimpata nina maneno naye.

Sasa geuka nikukaripie wewe. Wadarizi wanalipwa kwa vazi. Mashine ikilala, sufuria zao nazo zinalala. Teh Yoyoh, mtu pekee aliyekutetea, ndiye unayemfungia riziki chini ya kitanda. Mang wako anakula nyumbani kwake kama kawaida, wala hajui kama amenuniwa. Na bati la biskuti, Kawalu, masika haya? Flopi hushika kuvu kama mkate! Unangoja radhi huku waridi za baba yako zinaota ukungu.

Kwa hiyo inuka. Mpelekee Mama lile bati jikoni, mwambie kila ulichokiona mlangoni. Kwa mama hakuhitajiki Kisunda cha kupiga magoti. Nakili nakshi kwenye flashi mbili, moja ya mashine, moja ikae na Mama. Ile ya mashine ifunge uzi mwekundu na umwambie kila mtu: hii haiingii kwenye laptopu ya yeyote, hata ya waziri. Flopi ambayo haisomeki usiitupe, jaribu tena kwenye kisoma flopi kingine.

Mashine ikianza kuimba, andaa flashi ya tatu ya kisanduku hicho, isiyo na kitu ndani. Wadarizi wote wakiwapo, mwombe Mang alete laptopu yake, uichomeke wewe mwenyewe. Itauliza lile swali lake la kufomati, herufi kubwa, na kila mtu atalisoma. Usieleze. Usitafute neno la heshima la "mwongo". Sogea pembeni, inamisha kichwa kama ulivyofundishwa, na mkaribishe kwa neno moja la heshima, la kumwambia mkubwa "tafadhali, wewe kwanza", ambalo hata mwenye haya kuliko wote analiweza:

"Mangga, Mang."

Kisha tazama kidole chake.

Ceu Nining