Ruhusa ya Kumsikia Mama

Rasht, 14 Oktoba 2019

Behrang mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kifua kimepona, au bado Wajerumani wanakunywesha zile chai za majani zinazonuka soksi? Sisi hatujambo kwa kiasi. Mvua haijakata tangu wiki iliyopita, kwa hiyo Rasht bado ni Rasht. Baba anaumwa goti lakini ulimi mzima kabisa. Jana amegombana na muuza samaki mpaka watu wakatoka madukani kusikiliza.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nyumba hii haina siri. Nikishika simu tu, Baba anapunguza sauti ya televisheni.

Behrang, ile gemu tuliyoitengeneza mimi na wewe imeondolewa. Unajua mzee alivyozoea: akiamka usingizi wa mchana anachukua chai yake, anakaa kwenye kompyuta yangu na kusema, "Mpeleke msichana jikoni." Namtembeza yule msichana wa kwenye gemu hadi jikoni, namwacha amesimama, na sauti ya Mama tuliyoirekodi inaanza kuimba huku akimenya vitunguu saumu, kisha anakuita ukale. Baba hachezi, hagusi kitu. Wimbo ukiisha anangoja uanze tena. Kaburini kwa Mama anakwenda kila Alhamisi kama watu wote, lakini hapa anakuja kila siku.

Leo kioo kimeandika: "Huna tena ruhusa ya kutumia bidhaa hii." Kabla sijamaliza kusoma, programu ya duka la gemu ikaifuta gemu yote kwenye mashine. Nimesoma baadaye kwamba kampuni iliyotuchapishia imenunuliwa na wakubwa fulani, na hao wakubwa wamezitoa sokoni gemu zote ndogo. Waliotoa pesa zao kununua, kumbe walinunua hewa. Baba nimemwambia seva iko kwenye matengenezo. Akaniuliza, "Nani huyo anamtengeneza mama yako?"

Mkataba una jina lako, maana kwa vikwazo hivi mimi wa Rasht nisingeweza kusaini na mtu yeyote huko. Waandikie. Gemu wakae nayo, nataka zile sauti tu. Nje ya ile gemu niliyoishusha dukani, mimi sina hata sekunde moja ya sauti yake. Unakumbuka watu wa kibali wa serikali walisema mwanamke haimbi peke yake mbele ya umma, tukaweka filimbi ya nai mahali pa Mama kwenye nakala ya hapa nchini. Ofisi yetu ilipokaribia kukaguliwa nilifuta sauti yake kwenye kila diski iliyokuwa Iran, nikaiacha kwenye hifadhi ya mchapishaji peke yake. Ndivyo tulivyo sote hapa, cha thamani tunakipeleka nje halafu tunalala usingizi mnono. Sasa hiyo hifadhi haimfungulii mtu anayeingia kutoka Iran.

Na usiniambie nitafute kwingine. Mama hakuwa na simu ya mkononi, na kwenye video za harusi anaonekana tu akimpisha mtu kiti.

Dada yako,
Golnar


Hamburg, 20 Oktoba 2019

Dada Golnar,

Salamu na mabusu. Kifua kimepona, chai imeshinda, kwa hiyo waombe radhi Wajerumani. Mwambie Baba apake goti mafuta ya moto na amwache muuza samaki wa watu.

Niliwaandikia siku ileile. Amenijibu mwanamke wa idara ya sheria, mpole sana, kila sentensi inaanza na "kwa masikitiko." Anasema haki zote, pamoja na sauti, ni mali ya kampuni milele na duniani kote. Nimetoa mkataba nikasoma. Maneno hayo yapo, na sahihi yangu iko chini yake. Wakati ule tulikuwa na furaha, Golnar, nani alisoma?

Nikampigia simu. Nikamwambia ni sauti ya mama yetu, marehemu. Akanieleza vizuri tu. Kwenye hesabu zao gemu imeandikwa kuwa hasara, na ili watu wa kodi waikubali hiyo hasara, gemu lazima iwe imekufa kweli. Wakitoa hata wimbo mmoja, inahesabiwa kuwa hai. Nadhani aliona haya. Haikutusaidia kitu.

Lakini sikiliza. Leo nimeshuka stoo ya chini ya jengo, nimeitoa laptopu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Nimeiwasha hukohuko chini, ambako mtandao haufiki. Gemu imo! Inakataa kufunguka, inadai ruhusa kutoka kwenye seva, lakini faili zote zimo, mpaka folda ya sauti nimeiona. Chaji ikaisha nikairudisha kwenye boksi.

Mdogo wako,
Behrang


Rasht, 23 Oktoba 2019

Behrang roho yangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo, nimeruka jikoni mpaka sufuria ya wali ikaanguka. Usiiunganishe hiyo laptopu na mtandao! Umenisikia? Nunua diski ya pembeni, nakili folda nzima, mpe mtoto wa Bi Forough aliyeko huko kwenu, anakuja Rasht kabla mwezi ujao haujaisha.

Zile sauti zimefungwa pamoja na gemu, kwa hiyo nimekwenda kwa mtu wa kuvunja kufuli. Cheka sasa: nimekwenda kwa Iraj. Ndiyo, Iraj wa kwenye pasaji, ule ujia wa maduka nyuma ya uwanja wa Sabze Meydan, mchakachuaji aliyetuuzia gemu za wizi utotoni, yuleyule niliyemtukana mbele ya wateja alipouza gemu yetu kwenye CD za kunakili. Nimempelekea biskuti za Fuman, bado za moto. Kuniona tu, akaacha kazi.

"Bi Mhandisi! Leo umekuja kununua au kunitukana?"

"Nimekuja kuomba."

"Lahaula! Ngoja nikae kwanza." Akala biskuti, akafuta mikono. "Uliniambia mimi mwizi na ukoo wangu wote."

"Ukoo nauondoa, Agha Iraj."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza kuhusu Mama aliacha kucheka, akageuza uso akawa anapanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Akasema, "Lete hiyo folda. Kufuli ya aina hiyo naifungua chai ikiwa bado ya moto. Na usinitajie malipo, mama yako aliwahi kunipa achari ya vitunguu saumu." Mama alimpa nani asimpe!

Baba nimemwambia matengenezo yanakaribia kuisha. Amekwenda kunyoa ndevu.

Dada yako,
Golnar


Hamburg, 6 Novemba 2019

Dada Golnar,

Natumaini wote wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Hapana, si kazi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia.

Nimeuliza rafiki anayejua sheria. Kuvunja kufuli ya gemu huku ni kosa, na kwenye mkataba nimeahidi mimi mwenyewe kuilinda isinakiliwe. Folda ikitoka mikononi mwangu ikaonekana kwenye pasaji za Rasht, jina la kwanza watakaloliandika ni langu. Usaili wangu wa uraia ni Desemba. Wanauliza kama una kesi, kama kuna anayekudai, kama umewahi kukiuka chochote. Nimengoja uraia huu tangu nilipokuwa na nywele.

Sijakataa. Nakuomba tu unipe mpaka usaili upite. Laptopu iko kwenye boksi, haiendi popote. Na dada yangu, tuseme ukweli, hata tukiipata, Mama hatarudi.

Mdogo wako,
Behrang


Rasht, 12 Novemba 2019

Behrang,

Salamu. Sisi wazima.

Hilo la kwamba Mama hatarudi nalijua, nimemwosha mimi. Wewe uliona kwenye simu.

Mtoto wa Bi Forough amefika jana na chokoleti zako. Baba, maana nyumba hii haina siri, alimfungulia mlango mwenyewe, kwa goti lile. Alimtazama mikono, akaipokea ile chokoleti, akasema ahsante, akaenda kulala mchana bila kula.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Siku ya kurekodi nilimwandikia Mama maneno ya kuita, nikaweka na jina langu. Alikataa. Akasema, "Wewe si upo hapa? Unaitwa kila siku mpaka unachoka. Wa kuitwa ni yule." Ndiyo maana kwenye gemu yetu anaitwa Behrang peke yake. Niliunda nyumba nzima, mvua, ngazi, paka, na ndani yake nimesikia jina lako tu, kwa miaka, bila kulalamika.

Fanya utakavyo.

Golnar


Hamburg, 18 Novemba 2019

Dada yangu Golnar,

Salamu. Najua hutaisoma hii leo. Wanasema intaneti imekatwa nchi nzima kwa sababu ya maandamano, na simu ya nyumbani inalia bila kupokelewa. Niambieni mko wazima. Mkipata njia yoyote, niambieni.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Jumamosi nikasema potelea mbali uraia. Nikaipandisha laptopu juu, nikaichomeka kwenye umeme ipate chaji, nikatoka kwenda kununua diski. Sikuiunganisha na mtandao, nakuapia kwa kaburi la Mama. Lakini waifai ya humu ndani niliiwekea neno la siri miaka hiyo na sijalibadilisha, na mashine ilikuwa bado inalikumbuka. Iliwaka yenyewe na kujiunganisha yenyewe. Niliporudi na diski mkononi, programu ya duka ilikuwa imeshajisasisha na kusafisha. Pameandikwa: "Bidhaa hii haipo tena. Umepata nafasi zaidi kwenye diski yako." Kama vile wamenifanyia hisani.

Jamaa wa kazini amejaribu kuzifufua hizo faili usiku na mchana. Anasema mashine ilishapasafisha kabisa pale zilipokuwa. Nimemwambia ajaribu tena, akaniangalia kama mgonjwa.

Ungenipiga kofi ningefurahi. Ulinionya, na nilikuwa na wiki tatu nzima za kunakili kule chini stooni, kwa usalama, nikaitumia kuogopa.

Mdogo wako,
Behrang


Rasht, 28 Novemba 2019

Behrang,

Salamu. Sisi wazima. Mtaa wa nyuma kuna waliofiwa, hayo siwezi kuyaandika. Intaneti imerudi na barua yako nimeipata.

Sina nguvu ya kukugombeza. Nakueleza tu yaliyotokea, maana una haki ya kujua.

Nilipomwambia Iraj kuwa folda haiji, alisema tusikate tamaa, kwa sababu nakala ya gemu yetu iliyouzwa nje ilichakachuliwa wiki ileile ilipotoka. Unakumbuka tulivyolia siku ile, tukiwalaani wezi wa dunia nzima? Sasa tukawa tunaomba Mungu wawe walituibia vizuri. Iraj aliwatafuta wenzake Tehran na Ahvaz, na mtandao uliporudi akaipata. Aliileta nyumbani mwenyewe, kwenye mvua, amevaa koti la heshima.

Baba alikaa. Nilimpa chai. Nikamtembeza msichana hadi jikoni. Mvua ya dirishani ilikuwa ileile niliyoitengeneza mimi, na sufuria, na kisu. Akaimba mwanamke mwingine, kwa Kiingereza. Ni ile sauti ambayo mchapishaji aliirekodi kwa wateja wake. Wimbo ulipoisha akawaita watoto wakale, bila jina la mtu.

Wale wanaochakachua hupunguza uzito wa gemu ili watu wenye intaneti ya konokono waweze kuishusha. Lugha zisizo na wateja wanazikata. Huko nje Kifarsi hakikuhitajiwa na mtu, na sisi wa hapa ndio wenye intaneti ya konokono, tulichagua ile nyepesi. Iraj amekagua kila nakala aliyoipata, na zote ni zile zilizokatwa. Alikuwa amesimama mlangoni akirudia, "Waliipunguza, Bi Mhandisi, waliipunguza," kama mtu anayetoa pole msibani.

Baba alimsikiliza yule mwanamke hadi mwisho, kwa adabu, mikono juu ya magoti. Kisha akaiambia kompyuta, "Usichoke, mwanangu," vile tunavyowaambia wanaofanya kazi. Akanigeukia mimi. "Zima. Asisumbuliwe mtoto wa watu."

Tangu siku hiyo akiamka mchana anakaa sebuleni. Kompyuta haiulizii.

Golnar


Hamburg, 11 Desemba 2019

Dada Golnar,

Salamu kwako na kwa Baba. Goti linaendeleaje? Nimepiga simu mara nyingi. Baba akipokea anasema uko bafuni, na mimi nasikia vyombo vikioshwa jikoni.

Usaili nimepita. Yule afisa aliniuliza kama kuna chochote nilichokiuka. Nikajibu hapana, hakuna. Akaandika.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Behrang


Hamburg, 29 Desemba 2019

Dada yangu,

Natumaini wote hamjambo. Mimi mwili mzima.

Sikuandikii tena kuomba msamaha. Nina swali moja, ukinijibu hilo unaweza kunyamaza mwaka mzima. Nilipokuwa na gemu nilikuwa naipitisha haraka ile sehemu ya jikoni. Niliona haya kusikia naitwa, nikajiambia kwamba ipo, nitaisikiliza siku nyingine. Wewe uliikata na kuiunga ile sauti kwa miezi, unaijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Alipokuwa ananiita, alikuwa anavuta mwanzo wa jina au mwisho? Nimesimama hapa jikoni kwangu najaribu kuita, mara hivi, mara vile, na kila mara inatoka sauti yangu mwenyewe.

Mdogo wako,
Behrang