Maji ya Wageni

Tassia, 3 Machi 2025

Kaka Sylvance,

Habari za Jericho? Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio unachemka. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki.

Nimehangaika mwaka mzima kuwaomba wafadhili watubadilishie mabomba hapo mtaani, yale yanayoingiza majitaka. Wakatuma watu wa kupima maji. Na wewe, mwenyekiti mzima wa kamati, ukaosha tangi, ukalijaza maji safi ya lori! Sasa vipimo vinasema hamna shida, na pesa zinapelekwa mtaa wa Njiru. Mama naye amelazwa, ana taifodi. Waandikie ukweli kabla ya Ijumaa.

Dadako,
Awuor

Jericho, 5 Machi

Dadangu,

Sisi tu wazima, asante kwa kutujulia hali kwa matusi.

Wageni wanakuja, ulitaka niwawekee maji yanayonuka? Si ni Mama aliyetufundisha kufagia mpaka barabarani mgeni akitarajiwa? Kama walitaka uchafu, ungesema. Nyinyi wa ofisini mnajua kila kitu ila kusema. Nikikiri, mtaa mzima utaniita tapeli, na uchaguzi wa kamati ni mwezi ujao. Siandiki ng'o!

Kakako,
Sylvance

Tassia, 6 Machi

Kaka,

Leo sikusalimii. Mama ametapika mpaka ameishiwa nguvu, na bado anauliza kama wewe unachemsha maji ya kunywa. Wewe unawaza kiti. Usipoandika, Jumapili nitasimama kanisani niseme mwenyewe. Huna haya hata kidogo.

Dadako,
Awuor

Jericho, 7 Machi

Awuor,

Nimewaandikia kwamba maji waliyopima yalikuwa ya lori. Umefurahi? Sasa niondokee.

Kakako

Tassia, 13 Machi

Sylvance,

Barua yako kwa wafadhili nimeonyeshwa. Umewaambia ni Mama aliyeagiza tangi lioshwe. Mama, ambaye siku hiyo hakuweza hata kuinuka kitandani!

Wafadhili walimtuma mtu wodini kumuuliza. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nikuanike, Mama akanishika mkono. Akamwambia, "Ndio, ni mimi nilisema wasafishe. Huyo kijana wangu hana makosa." Kisha akaomba msamaha, na sindano ya dripu iko mkononi.

Jumatatu watapima tena, safari hii kwenye mabomba yenyewe. Pesa mtapata, na kiti chako utabaki nacho. Mama anakuulizia kila asubuhi. Namwambia umebanwa na kazi.

Usiniandikie tena.

Awuor