Usitembee Kimya, Neema

Mujukuu wangu Neema,

Salamu huko masomoni Nyamityobora. Huku kambini Nakivale tuko wazima. Mama yako anavuna maharagwe, na mgongo wangu unalalamika kama kawaida.

Umeniuliza kama uende na wanafunzi wenzako kutembea kwa miguu mbugani. Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Nilipokuwa msichana, tungali wageni hapa, vijana wa kanisa tulienda kutazama ziwa. Tukapita kwenye matete kimya kabisa, vile tulivyozoea kujificha njiani tukikimbia kutoka Kongo. Ghafla kiboko akainuka mbele yetu. Mchunga ng'ombe mmoja, mwenyeji, akatupigia kelele kutoka mlimani:

“Nyinyi! Kwa nini munanyamaza kama wezi? Imba! Kiboko ikisikia watu, inaondoka!”

Hakuna aliyekumbuka wimbo. Mwishowe nikaanza mimi, wenzangu wakaitikia. Kiboko akageuka, akarudi majini. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yangu katika inchi hii.

Basi nenda, mutoto wangu. Ongea mingi, cheka, imba. Mimi nitakaa roho juu mpaka urudi. Ukifika usiniandikie. Nipigie simu, nikusikie.

Bibi yako