Rezista ya Pili

Jumatatu, 12 Mei
Kadi nne za saketi za skrini kubwa ya kanisa la Kawempe, za kutengenezwa kabla ya Jumapili. Nimezipima zote, umeme ukiwa umezimwa. Tatu sawa: ukinzani wa omu mia moja kati ya nyaya mbili za jozi. Ya nne, hamsini na mbili. Hiyo ni ya Mutua, fundi mwenzangu. Wiki hii yeye anabadilisha chipu, mimi soketi na nyaya.

Chipu inayopokea picha inataka rezista moja tu, kizuizi kidogo cha umeme, mwisho wa jozi. Isipokuwepo, mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, kama sauti ndani ya ukumbi mtupu. Zikiwa mbili, mawimbi yanadhoofika na picha inajaa chembe nyeupe. Mutua anajua haya. Nimegeuza kadi juu chini. Naona rezista moja. Ya pili ameificha wapi?

Jumanne, 13 Mei
Kadi mbili zaidi za Mutua. Hamsini na mbili tena. Rezista mbili za mia zingetoa hamsini kamili, lakini betri ya mita imezeeka.

Sikuweka nukta yangu. Hapa kila kadi hubeba nukta mbili za rangi ya kucha: kijani ya Mutua, nyekundu yangu. Mmoja anatengeneza, mwingine anapima. Bila nukta zote mbili kadi haitoki. Nilimuuliza. Akatazama mlango wa Hajji, mwenye karakana, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Atim, niachie siku mbili tu. Nitakuambia." Asiye na la kuficha husema leo.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwona Mutua karibu na soko la Wandegeya na fundi wa karakana ile pinzani, inayotunyang'anya kazi za makanisa. Vichwa pamoja, wanatazama kitu kidogo kiganjani. Aliponiona akakitia mfukoni.

Miaka miwili tunakula katogo la ndizi sahani moja. Imeniuma. Nyumbani Luzira, kwenye kambi ya magereza, nimemweleza Mama. Ameishi na askari magereza maisha yake yote. Alisema askari hamsubiri mwizi amalize.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwambia Hajji. Sikupunguza neno: Mutua anaharibu kadi ili skrini ituaibishe Jumapili na kanisa lihamie kwa wale.

Hajji alimwita. "Ssebo, bwana, leta ufunguo wa karakana." Mutua akauweka mezani. Mlangoni aligeuka, akanitazama mimi, si Hajji. "Nyinyi watoto wa kambi. Mnamfunga mtu kwanza, halafu mnatafuta kosa."

Ameacha chupa yake ya rangi ya kijani. Nilikula peke yangu. Nilijiona nina haki.

Ijumaa, 16 Mei
Mvua tangu asubuhi. Kadi ya mwisho nimeitengeneza mwenyewe. Chipu mpya kutoka kwenye ukanda wa plastiki wa chipu alionunua Hajji, rezista moja nje. Nikapima.

Hamsini na mbili.

Wazo la kwanza: Mutua ana ufunguo mwingine. Nilikagua kufuli. Nilikagua hata dirisha. Lakini kadi ile haikutoka mikononi mwangu.

Nikaing'oa rezista. Mita haikupaswa kusoma kitu. Ikasoma mia na kumi. Nikachukua chipu ambayo haijaguswa, nikaweka ncha za mita kwenye miguu yake miwili ya kupokea. Mia na kumi. Rezista imo ndani ya chipu. Hajji amenunua aina nyingine, kwa bei rahisi, akajisifu mbele yetu sote. Mia sambamba na mia na kumi ni hamsini na mbili. Hesabu ya shule. Mita ilinieleza tangu Jumatatu, nikasingizia betri.

Nilimpelekea Hajji ukanda. Aliugeuzageuza mkononi.
"Mpigie."
"Umpigie wewe, Hajji."
"Nani alimshtaki, nyabo?"
Nilipiga. Hakupokea. Nikamwandikia yote, bila kujitetea.

Jumamosi, 17 Mei
Mutua amekuja. Hajasalimia. Amewasha pasi ya kulehemu, ameng'oa rezista za nje kwenye kila kadi yenye chipu mpya. Nyingine tumeziacha kama zilivyo.

Kitu kile cha kiganjani kilikuwa chipu. Fundi yule naye alinunua ukanda kama wetu. Mutua alitaka uhakika kwanza. "Mimi ni mgeni hapa," alisema, macho kwenye kadi. "Mgeni hamwambii mwenye nyumba kwamba ameuziwa vibaya, mpaka awe na ushahidi mkononi."

Nilimwomba msamaha.
"Shika taa," alisema. "Unanitia kivuli."
Nilishika taa mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatatu, 19 Mei
Jana skrini ilikuwa safi. Hakuna chembe hata moja. Kanisa limeagiza nyingine. Hajji amemrudishia Mutua ufunguo, wala hajataja ule ukanda.

Saa ya chakula Mutua alibeba sahani yake akaenda kukaa dirishani. Nilibaki mezani na yangu.

Alasiri, bila kunitazama, alisukuma kadi mpaka upande wangu. Nukta ya kijani bado mbichi. Nilipima. Mia na kumi. Nikafungua chupa nyekundu.