Nilivyongoja Nipone Ndipo Nichanjwe

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, mvua haishuki.

Kosa tunalofanya wengi ni kungoja tupone kabisa ndipo tukachanjwe. Naliandika hapa mwanzoni ili hata atakayechoka katikati ya kusoma awe ameshalipata. Siku hizi mimi mwenyewe huchoka katikati ya mambo mengi, kwa hiyo namwelewa.

Leo nimeamka nimechoka. Watu wakisikia hivyo husema nimelala vibaya. Sikulala vibaya. Nililala vizuri na nikaamka nimechoka, kama mtu aliyeota analima usiku kucha kisha akaamka na maumivu ya jembe. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikitazama viatu vyangu. Kuviinamia ni kazi, na kazi hiyo lazima niipangie.

Wanaonisoma hapa, wengi wao wastaafu wenzangu, wanajua habari yangu. Wageni niwaeleze kwa kifupi. Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, nikarudi hapa Ushirombo na mke wangu, Mama Shija, tukalima mpunga na kufuga kuku. Kisha UVIKO ukanilaza. Homa ikaisha, kikohozi kikapungua, watu wakaja kunipa pole, wakaniona nimekaa kwenye kiti, wakasema Mungu mkubwa, Mwalimu amepona.

Sikupona. Nilibaki na mabaki.

Daktari wa kituo cha afya anayaita UVIKO wa muda mrefu. Mimi nayaita mabaki kwa sababu ndivyo ninavyoyahisi: kama moto uliozimwa lakini chini ya majivu bado pana joto. Pumzi inakatika nikipanda ngazi za kanisa. Moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Maneno niliyoyafundisha miaka mingi yananitoroka. Juzi nilitaka kumwomba mke wangu chujio, nikaliona akilini, nikaliona hata na matundu yake, jina halikuja. Na pua yangu bado haijarudi. Maharage yanaungua mbele yangu, nami nimekaa pale pale kama mgeni.

Tangu chanjo ilipofika wilayani kwetu nimekuwa nikisema nitachanjwa nikipona. Hakuna aliyenipinga. Lilionekana jambo la busara, tena lililotoka kwa mtu aliyesoma.

Jirani yangu Mabula aliliunga mkono kwa moyo wote. Mabula alichimba dhahabu Rwamgasa ujana wake wote, na mambo yote ya dunia huyaeleza kwa habari za machimboni. Alinikuta nimeketi barazani, akanisalimia kwa Kisukuma, nikamjibu mhola, yaani salama, kama tunavyojibu hata tukiwa hoi. Akacheka.

"Mhola gani hiyo, Mwalimu, unahema kama umebeba gunia." Kisha akakaa. "Sikiliza. Duara likimeguka, huteremshi mtu mpaka litulie. Na wewe umemeguka. Sindano hiyo itaikuta korona bado imo ndani. Zitapigana, na uwanja ni wewe."

Duara ni shimo la kuchimbia. Nilimweleza, kwa subira niliyoizoea darasani, kwamba mwili si shimo. Chanjo haiingii kupigana na mtu. Inauonyesha mwili sura ya mgeni mbaya, ili siku akija mwenyewe asipewe nafasi ya kujitambulisha. Nikamwambia pia ukweli wa upande wa pili: kwamba haya mabaki yangu hata wataalamu hawajamaliza kukubaliana yanatoka wapi, na kwamba kuugua mara moja hakumkingi mtu asiugue tena. Mabula alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeeleza vizuri sana. Kisha akauliza, kama ni hivyo, mbona sijaenda.

Nikasema nikipona.

Sasa nieleze nilivyokuwa najipima, maana hapo ndipo kosa langu lilipojificha. Tangu tuhamie hapa nimekuwa nikienda kanisani kwa miguu. Si mbali kwa mtu mzima wa afya. Njiani pana kalavati lenye ukingo wa saruji, na tangu niugue siwezi kulipita bila kukaa hapo. Nikajiwekea sharti: Jumapili nitakayolipita kalavati lile bila kukaa, kesho yake naenda kuchanjwa.

Basi nikawa kila Jumapili najaribu. Najikaza, nauma meno, nalifikia, nakaa tena ukingoni. Misa naisikia kwa mbali. Nikirudi nyumbani nalala, na simaanishi kulala mchana. Nalala Jumatatu, nalala Jumanne, kichwa kizito, mifupa inauma kama ya homa. Siku nikianza kupata nguvu kidogo, Jumapili nyingine imefika, nami naondoka tena kwenda kujipima.

Nimewasahihishia watoto mitihani maisha yangu yote, sikuona kwamba mtihani wenyewe ndio ulionifelisha.

Daktari ndiye aliyeniuliza, wiki iliyopita, nilipokwenda kwa ajili ya moyo kudunda. Aliuliza ninafanya nini siku moja kabla ya kuzidiwa. Nikamweleza habari ya kalavati. Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema ugonjwa huu haushindwi kwa kujikaza. Ukitumia nguvu usiyokuwa nayo, unailipia siku zinazofuata. Akanitaka nifanye kazi nusu ya ninayodhani naiweza, kisha nikae kabla sijachoka.

Nikamuuliza habari ya chanjo. Alisema mtu akiwa na homa, akiwa bado yumo ndani ya ugonjwa wenyewe, angoje upite. Mimi ule ulikwisha kupita zamani. Kwa hali yangu hakuona sababu ya kungoja mabaki yaishe, maana hakuna anayejua yataisha lini. Nikamuuliza kama sindano itanirudisha nyuma. Hakunidanganya. Alisema wapo walioona nafuu baada yake, wapo wengi wasioona tofauti, na wapo waliozidiwa kwa muda. Mimi nitakuwa wa kundi gani hakuweza kuniahidi. Alichoweza kusema ni kwamba kuupata ugonjwa wenyewe mara ya pili, na kifua hiki, ni hatari anayoiogopa zaidi. Akasema niende asubuhi yoyote nitakayokuwa tayari.

Nikarudi nyumbani nikiwa na majibu yote. Jumapili nikaenda tena kwenye kalavati.

Hilo ndilo nataka kulikiri leo. Sikwenda kwa sababu ya kutojua. Nilikwenda kwa sababu ya woga. Nguvu kidogo niliyonayo, ile ya kunifikisha kwenye banda la kuku na kurudi, nimeipata kwa shida sana. Naitunza kama mtu anavyotunza kiberiti kwenye mvua. Nikifikiri kwamba sindano inaweza kuniondolea hata hiyo kidogo, hata kwa wiki mbili tu, nataka kulia. Kalavati lilikuwa kisingizio kizuri. Lilinipa tarehe isiyofika.

Nilidhani woga huo ni wangu peke yangu, na kwamba haumdhuru mtu mwingine.

Leo ni siku ya mnada. Mama Shija alikwenda asubuhi kununua dagaa. Zamani dagaa wetu tulikuwa tunaletewa na kaka yake, aliyekuwa mfanyabiashara kule Nkome, anaanika mwenyewe na kuchagua wasio na mchanga. UVIKO ulimchukua majira yale yale nilipougua mimi. Sikumzika. Nilikuwa kitandani, na Mama Shija alikwenda matangani akarudi siku hiyo hiyo kunipa uji. Tangu hapo ananunua dagaa mnadani, na kila mara husema wana mchanga.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaanza kuchambua dagaa. Nikamuuliza habari za mnadani. Akasema wauguzi wa chanjo walikuwapo, wameweka meza karibu na wauza vitenge, na foleni haikuwa ndefu. Alisimama kidogo, akasalimiana nao, akaendelea na safari yake.

Mama Shija ana kisukari, na amekuwa nacho kwa miaka. Katika watu wanaotakiwa kutangulia kwenye meza ile, yeye ni mmojawapo. Nilijua hajachanjwa, lakini sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani ana wasiwasi kama watu wengine, na mtu mwenye wasiwasi humsukumi. Nikamuuliza leo.

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nikutangulie wewe?"

Sikuelewa. Nikamwuliza anitanguliaje, kwani ni foleni ya mimi na yeye?

"Baba Shija," akasema polepole, kama anayemwelewesha mtoto, "dawa ya kaya anaanza mwenye kaya."

Kwa asiye wa huku nieleze. Zamani, mganga alipokuja kuikinga kaya, yaani mji wote wa mtu na waliomo, dawa ilikuwa na utaratibu wake. Baba mwenye kaya anakunywa kwanza, mbele ya wote. Kisha mama, kisha watoto kwa kufuatana, mpaka ng'ombe wananyunyiziwa zizini. Mwanamume aliyemtanguliza mkewe kwenye dawa alichekwa kijijini, maana ilikuwa wazi anamtumia mwenzake kuonja kama ina sumu. Mimi na Mama Shija tumezaliwa katika nyumba za Kikatoliki na hatujawahi kumwita mganga. Lakini utaratibu ule ulibaki, kama wimbo ambao mtu hajui alijifunzia wapi.

Nikamwambia hii si dawa ya kaya. Ni chanjo, kila mtu na mkono wake.

"Najua. Kwani mimi sikusoma?" Akatupa dagaa aliyevunjika kwa kuku. "Lakini mnadani wote wananijua ni mke wa Mwalimu. Mwalimu aliyewaeleza watu chanjo ni nzuri, na mwenyewe hajaenda. Leo nikunje mkono mimi? Watasema Mwalimu kanituma nikaonje."

Nikasema waseme. Nikasema, basi tangulia, nakuruhusu.

Hapo ndipo alipoinua macho, na nikaona anajizuia kucheka. "Kumbe ni kweli," akasema. "Unanituma nikaonje."

Tulicheka wote wawili. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa, na kikohozi kikakata kicheko, akanisogezea maji. Alingoja nimalize kunywa. Kisha akasema lile ambalo nimelibeba kichwani tangu saa ile, nikashindwa kulala mchana, nikaja kuliandika.

"Mimi nilisema nitangoja mpaka upone. Ila ungeniambia kama ni mwaka huu."

Akarudi kwenye ungo wake.

Nimemtazama mwanamke huyu kwa miezi hii yote akiingia na kutoka. Yeye ndiye anayekwenda mnadani, misibani, kanisani, mashineni kusaga. Yeye ndiye anayekutana na watu mia na kikohozi chao, kisha anarudi kulala ubavuni mwangu na kisukari chake. Mimi nimekaa barazani nikiwa nimekingwa na uchovu wangu, maana siendi popote. Na kila Jumapili niliyoshindwa kulipita kalavati, niliyeahirisha sindano yake ni mimi. Alikuwa analinda heshima yangu kwa mwili wake, wala hakulalamika.

Na kaka yake yuko kaburini.

Hakuna nilichofundisha katika baiolojia kinacholifikia hilo.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika nikiwa nimeegemea ukuta kwa sababu mgongo hautaki. Kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya. Siendi kwa miguu. Nimempigia kijana wa bajaji, atafika mlangoni, na tukilipita kalavati nitakuwa nimekaa kwenye kiti chake bila haya yoyote. Kama kesho nitaamka na homa nitamwambia muuguzi kabla ya kitu kingine, na yeye ndiye atakayeamua. Kama sina, nitakunja mkono wa shati mimi kwanza, Mama Shija atafuata, na watakaokuwa kwenye benchi wataona utaratibu umefuatwa. Binti yetu Shija anakuja jioni hii kutoka Kahama kukaa nasi siku chache. Mikono ikiuma na homa ikija atatupikia uji. Unga wa lishe upo, maji yamechotwa, wala hakuna kazi ya shamba niliyojipangia wiki hii wala ijayo.

Naogopa bado. Nisidanganye watu. Inawezekana nikalala kitandani siku nyingi, na inawezekana nikaandika hapa kwa manung'uniko. Lakini nitakuwa nimelala kitandani kwa sababu moja tu, ya sindano, na si kwa kujipima kila wiki kwa kipimo kinachoniumiza. Nguvu zikirudi, nitazipokea zikija polepole. Zisiporudi, angalau kuna mtu mmoja ndani ya nyumba hii ambaye hatakuwa tena anazingoja.

Mama Shija amemaliza dagaa. Anasema wana mchanga.

Wewe unayesoma, kama nawe unajiambia utakwenda ukipona, zungumza na daktari wako kuhusu hali yako, maana mwili wako si wangu. Lakini hilo lina siku yake. La leo ni dogo zaidi. Leo, kabla hujala chakula cha jioni, muulize unayeishi naye: unanisubiri mimi?