Ng'ombe Watatu wa Mzee Masanja

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Katandala leo haina adabu. Nimechapa kazi nimejifunika kitenge.

Ijumaa kamati ya chama cha wafugaji inachagua mfumo wa kompyuta wa kuandikisha mifugo. Wangu au wa Edgar, mwenzangu wa ofisini. Edgar ana majedwali: la ng'ombe, la wafugaji, la chanjo. Ukimtaka ng'ombe mmoja unamuunga vipande vipande kama nyama ya buchani. Mimi namhifadhi mzima, pamoja na mama yake na chanjo zake. Nikimwita anaamka vilevile alivyolala. Nitashinda. Nasema bila aibu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechukua ndama mmoja wa Ilemba, nikapanda ukoo wake hadi kwa bibi wa bibi yake. Papo hapo. Edgar naye akajaribu kwake, akaunga jedwali na jedwali, mwishowe akasema ana njaa. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya.

Mzee Masanja amekuja kutoka Ilemba. Msukuma, mjumbe wa kamati. Nikampa shikamoo na kiti. Akasema jirani yake Lukas amehama, nimfute. Nikamfuta. Boma zima la Lukas likatoweka, na ng'ombe watatu wa Masanja humo humo.

"Hao si wa Lukas, mwanangu. Niliwaweka kwake anitunzie. Maziwa yake, ndama wangu."

Kila Msukuma analijua hilo. Mimi Mfipa, kwetu ni ulezi na mahindi, nilidhani ng'ombe ni wa anayemlaza. Nikawaweka ndani ya rekodi ya Lukas. Alipoondoka hapakubaki njia ya kuwafikia, na kwenye hifadhi yangu kisichofikika kinafutika. Nimewarudisha, pamoja na Lukas, kutoka nakala ya akiba ya asubuhi. Edgar alikuwa mlangoni. Kwake wangebaki, akasema. Ni kweli, na imeniuma sana.

Jioni. Hasira imepoa. Bado majedwali siyataki. Hifadhi ilitii nilichoiambia. Mjinga nilikuwa mimi. Sasa ng'ombe anasimama peke yake, hayumo ndani ya mtu. Anamjua mama yake, mwenye mali na mtunzaji. Watu wawili tofauti.

Ijumaa, 7 Juni
Masanja hakunionea huruma. Mbele ya kamati nzima: mfute Lukas tena. Nikafuta. Lukas akaondoka, ng'ombe watatu wakabaki, nafasi ya mtunzaji wazi.

Wamechagua wangu! Edgar kanipa mkono. Kwa kuhesabu mifugo ya kata nzima jedwali lake linaniacha mbali, kwa hiyo nimemwomba atengeneze ripoti. Zaidi ya hapo simpi kitu.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimekwenda kwa baba, huko Kasense. Nikamkuta Masanja uani na mtamba mwekundu. Si zawadi. Lukas hayupo, na mali haikai bila mtu, kwa hiyo ameniwekea mmoja nimtunzie. Baba hajawahi kufuga. Amemfunga karibu na kihenge cha mahindi.

Nimefungua kompyuta kwenye kigoda. Mwenye mali: Masanja. Mtunzaji: jina langu. Nikazima, nikawasha, nikamwita. Yupo.

Kisha nikachukua mundu nikaenda kumkatia majani.