Ule Msumeno wa Njano

Mafinga, Juni. Huu ni mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke Kikwe.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa u mkubwa wangu hata kaburini, ila usidhani hasira imeisha. Mwanao alinipigia simu baada ya maziko. "Baba mdogo, rudi nyumbani, yale mambo yameisha." Nikamuuliza yaliishia wapi, mbele ya nani.

Unaikumbuka karakana yetu ya Sombetini. Tulikuwa tunafufua misumeno ya mnyororo iliyoachwa na mashamba ya kahawa, mingine mizee kuliko sisi. Wewe uliupenda mwekundu kwa nguvu zake, mimi wa njano kwa sababu haukutikisa mikono. Tulibishana mpaka mama lishe akasema, "Basi ioeni hiyo misumeno." Ubishi tuliumalizia kwenye gogo moja la mgrivea, wewe upande huu, mimi ule, kisha tukapekecha unga wa mbao viganjani. Ukiwa laini kama vumbi, mnyororo ni butu. Na kulikuwa na sharti ulilonifundisha wewe mwenyewe: ukiachia resi, mnyororo usimame. Usiposimama, klachi imekwisha, na mashine haitoki mlangoni.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Maduka yakajaa misumeno ya kung'aa, wateja wakatuhama, ukanunua makopo ya rangi.

"Piga rangi, mdogo wangu. Watu wanataka vya Ulaya."

"Hata hivi vilitoka Ulaya, kaka. Ndiyo maana vimechoka."

Ulicheka. Ule wa njano nilikuwa nimeuweka kando, maana mnyororo wake ulikuwa hausimami. Nilikuambia hivyo. Nilipokwenda Kisongo kutafuta springi za klachi, uliupaka rangi ukamuuzia jirani yetu Baba Anaeli kuwa ni mpya. Wiki hiyohiyo aliangusha mti, akaachia resi, akaushusha msumeno kando ya mguu akidhani umetulia. Hospitali wakaukata mguu.

Kwenye kikao, mshili, kiongozi wa ukoo wetu, aliuliza nani aliitengeneza mashine ile. Ukasema, "Fundi ni mdogo wangu." Ulisema hivyo ukinitazama, ukijua kwetu mdogo hamkanushi mkubwa wake mbele ya wazee. Baba Anaeli akanigeukia: "Na wewe mwanangu, nilikuwa nakusifu kwa watu." Nikainamisha kichwa. Ruhusa ya kusema ilikuwa yako kunipa. Ukaomba uongezewe chai.

Huku Mafinga wapasua mbao wananiletea mashine zao kutoka mbali. Kwetu bado mimi ni fundi aliyemkata mtu mguu, na Baba Anaeli alikufa akiamini hivyo. Miaka yote hiyo shamba lake lilipakana na lako. Ungevuka tu migomba ukamwambia. Nilikusubiri ufanye hivyo, kaka, mpaka nikasikia kwamba mchungaji amekuita mtu mkweli juu ya jeneza lako.

Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwanao anataka nije nisimame kaburini niseme nimekusamehe, mbele ya watu wanaodhani wewe ndiye uliyenisamehe mimi. Nimemweleza yote kwa simu. Kama atawaambia au atanyamaza, hilo ni lake.

Pumzika, kaka. Kikwe sitarudi.

Mdogo wako